Udanganyifu na ukali katika mbio za pikipiki

Udanganyifu katika mbio za pikipiki ni kujipatia faida ambayo kanuni zimewakatalia wote, mara nyingi mahali ambapo wapinzani hawaoni: ndani ya injini, ndani ya damu. Ukali ni kitu kingine. Ni kugombania nafasi ile ile ya njia mbele ya macho ya watu, hata viwiko vikigusana. Hapa Goma, motari wakisubiri abiria pale Rond-point Signers na mazungumzo yakafika kwenye MotoGP, daraja la juu la mbio za pikipiki za dunia, mambo haya mawili hutiwa gunia moja, na kila aliyepitwa kwa nguvu husemwa ameibiwa. Mimi nakataa.

Angalia mbio ya Jerez, Hispania, mwaka 2005. Mzunguko wa mwisho, kona ya mwisho: Valentino Rossi aliingia upande wa ndani, akagongana na Sete Gibernau, na Gibernau akaishia kwenye changarawe kabla ya kurudi na kumaliza wa pili. Iliuma, na Gibernau hakushinda tena mbio ya MotoGP. Lakini nafasi ilikuwepo, na Rossi aliiendea hadharani kwa sababu alitaka ushindi. Huo ni ukali.

Sasa linganisha na mwaka 2020, ambapo hakuna aliyemgusa mwenzake. Kanuni zinataka muundo wa injini ufungwe kabla ya mbio ya kwanza ya msimu. Yamaha ilianza msimu ikiwa na vali zisizolingana na zile za injini ya mfano iliyoidhinishwa. Kampuni ilisema ilikosea kuelewa kanuni. Ilinyang'anywa pointi 50 katika msimamo wa watengenezaji wa pikipiki, waendeshaji wakabaki na zao, na hilo naliona sawa, maana mwendeshaji hafungui injini. Hata kama nia haikuwa mbaya, jambo hilo liko karibu zaidi na udanganyifu kuliko kiwiko chochote cha Rossi. Dawa zilizokatazwa ziko upande huo huo: Andrea Iannone alipimwa Malaysia mwaka 2019, na mwaka uliofuata mahakama ya michezo ikamfungia miaka 4.

Kesi inayotuchosha zaidi ni mbio ya Sepang, Malaysia, 2015. Rossi aliongoza msimamo, Jorge Lorenzo akimfuata. Siku chache kabla ya mbio, Rossi alimshtaki Marc Márquez mbele ya waandishi wa habari kwamba kule Phillip Island, Australia, katika mbio iliyotangulia, alikuwa akimsaidia Lorenzo. Kwenye mbio wakapitana mara nyingi, kisha Rossi akapunguza mwendo, akamsukumia nje ya kona, Márquez akaanguka. Rossi alipewa pointi 3 za adhabu, zikamfanya aanze wa mwisho kabisa huko Valencia, mbio ya mwisho ya msimu. Alipanda hadi nafasi ya nne, lakini Lorenzo alishinda mbio na ubingwa kwa tofauti ya pointi 5.

Mimi ni mtu wa Rossi, na bado nasema siku ile alifanya faulo. Faulo, si udanganyifu: kila mtu aliiona, na waamuzi waliiadhibu. Na shtaka lake je? Kukimbia ili kumharibia mtu ubingwa, badala ya kutafuta ushindi wako, ni kuukosea heshima mchezo mzima. Ila kulithibitisha ni kazi ngumu, kwa sababu nia haionekani kwenye kamera. Na kule Phillip Island Márquez alimpita Lorenzo katika mzunguko wa mwisho, akashinda, yaani alimpokonya pointi 5 huyo huyo anayedaiwa kumsaidia. Hilo mashabiki wenzangu hawapendi kulisikia.

Kuna jambo la tatu, lisilo ukali wala udanganyifu. Misano, Italia, mwaka 2018, katika Moto2, daraja lililo chini ya MotoGP, Romano Fenati alinyoosha mkono akabana breki ya mbele ya Stefano Manzi wakiwa katika mwendo wa kasi sana. Motari yeyote aliyewahi kubana breki hiyo ghafla juu ya mawe ya volkano ya barabara zetu anajua kinachoweza kutokea. Pale hapakuwa na nafasi iliyogombaniwa. Kilicholengwa ni mwili wa mtu. Timu ya Fenati ilimfukuza, leseni yake ikasimamishwa hadi mwisho wa mwaka, na mwaka 2019 alikuwa tena mbioni kwenye Moto3, daraja la chini zaidi. Kwangu adhabu ile ilikuwa ndogo.