Gemu iliyosahau: kwa nini The Veilguard iliwaumiza mashabiki wa Dragon Age

Mwaka 2010 nilimaliza kucheza Dragon Age: Origins saa tisa usiku, kwenye kompyuta ya kuazima, na mhusika wangu akafa. Nilikuwa nimempa jina Zawadi. Alikuwa Mwelfi wa mjini, mzaliwa wa ule mtaa uliozungushiwa ukuta huko Denerim ambako Waelfi husukumwa wakaishi peke yao. Usiku wa kuamkia vita, mchawi Morrigan alimletea njia ya kunusurika, ibada ambayo mwenyewe hakutaka kuieleza yote, nami nikamkatalia. Kesho yake, juu ya paa la Fort Drakon, Zawadi alilimaliza lile joka kuu, na joka likaondoka na roho yake.

Miaka minne baadaye tukawa tunacheza toleo la tatu, Dragon Age: Inquisition, mimi na rafiki yangu, kila mtu kwake. Siku moja akanipigia simu kwa furaha: jasusi Leliana alikuwa amempata yule shujaa wake wa Origins, na shujaa akatuma barua. Nikasubiri barua yangu. Haikuja, maana Zawadi alikuwa amekwisha kufa. Gemu ilikumbuka hivyo, ikanyamaza mahali ambapo kwa mwenzangu ilizungumza. Ukitaka kuelewa kilio cha mashabiki kuhusu toleo la nne, Dragon Age: The Veilguard, shika kwanza barua hiyo ambayo sikuipata.

Kazi yangu ni kuandika hadithi zenye matawi kwa magemu ya simu, zile ambazo mchezaji akichagua jibu hili mambo yanakwenda huku, akichagua lile yanakwenda kule. Kwa hiyo tangu The Veilguard itoke, tarehe 31 Oktoba 2024, nimeulizwa mara nyingi kama kweli ni mbovu kiasi hicho. Si mbovu. Niliimaliza, na saa zake za mwisho ni kati ya saa bora kabisa ambazo BioWare, studio yenye mfululizo huu, wamewahi kutengeneza. Lakini naelewa vizuri kwa nini watu walioipenda Thedas, dunia ya Dragon Age, kwa miaka 15 waliifunga wakiwa na uchungu, na sababu yenyewe ni ya kiufundi kuliko wengi wanavyodhani. (Kama hujaicheza, ujue nitataja mambo ya mwisho.)

Kuna kelele moja niitenge mapema. Wapo waliolishambulia toleo hili hata kabla halijatoka, kwa sababu ya mhusika Taash ambaye hajitambulishi kuwa mwanamume wala mwanamke. Wengi wao hawakuwahi kuwa mashabiki wa mfululizo huu. Dragon Age imekuwa na wahusika wanaopenda jinsia yao tangu 2009. Ubaya wa kelele hizo ni kwamba ziliwafunika watu wenye malalamiko ya kweli. Aliyesema "mbona hawakuuliza habari za Morrigan?" alihesabiwa kundi moja na watukanaji.

Sasa tuingie jikoni.

Uamuzi wa mchezaji, kwa upande wa programu, ni alama ndogo tu: 0 au 1. Ulimwokoa yule, 1. Hukumwokoa, 0. Maamuzi 10 ya namna hiyo yanazaa dunia 1,024 zinazotofautiana. Maamuzi 20 yanazaa zaidi ya milioni moja. Inquisition ilipokuwa inatengenezwa, BioWare walikuwa wanahamia mashine mpya za kuchezea, na faili za zamani zisingeweza kubebwa moja kwa moja. Wakajenga tovuti maalumu, Dragon Age Keep, ambapo mchezaji aliweza kuandika upya historia yake yote: nani anaketi kwenye kiti cha enzi cha Ferelden, Hawke, shujaa wa Dragon Age II, alisimama na wachawi au na askari wa kanisa, nani yu hai na nani amekufa. Maamuzi zaidi ya 300. Ukizidisha, utapata namba ambayo haina maana tena kuitamka.

Hakuna anayeandika dunia zote hizo. Siri ya kazi yetu ni kwamba hadithi huachwa itanuke katikati, kisha hukusanywa kwenye lango moja: vyovyote ulivyoamua, vita vya mwisho vitapiganwa, na joka litakufa. Kinachobaki ni kumbukumbu, na kumbukumbu huonyeshwa kwa vitu vidogo. Sentensi moja yenye sharti ndani ya mazungumzo. Barua mezani. Mtoto anayetembea nyuma ya mama yake, au asiyekuwepo: katika Inquisition, wale walioikubali ibada ya Morrigan walikutana na kijana Kieran bustanini, na wengine kama mimi tulimkuta Morrigan peke yake. Sentensi iliyotamkwa na mwigizaji ina gharama, kwa sababu lazima irekodiwe. Barua ya maandishi ni rahisi sana. Naweza kuiandika asubuhi, ikajaribiwa jioni.

Ndiyo maana nasema mashabiki hawakuomba makubwa. Wanaojua mfululizo huu wanajua fika kwamba uamuzi wa 2009 hauwezi kubadili vita vya 2024. Walichozoea ni kutambuliwa.

The Veilguard inauliza mambo matatu. Unapounda mhusika wako, unaonyeshwa kadi, unachagua: Inquisitor wako (yule shujaa wa Inquisition) alimpenda nani, kundi lake la Inquisition alilivunja au alilibakiza, na alikusudia kumwokoa Solas, mwenzake wa zamani aliyegeuka adui, au kumzuia kwa nguvu. Basi. Yote matatu yanatoka kwenye Inquisition na nyongeza yake Trespasser ya 2015. Kuhusu Origins na Dragon Age II, hakuna hata swali moja.

Kabla gemu haijatoka, maelezo ya watengenezaji yalikuwa kwamba hadithi imehamia kaskazini, Tevinter na majirani zake, mbali na kusini ambako tuliamua yale mengine, na kwamba hawakutaka kutaja uamuzi kwa kugusia tu. Kama mwandishi nawaelewa. Ukihamisha jukwaa, unapata nafasi ya kupumua. Lakini mantiki hiyo inavunjika ukifika kwa Morrigan. Katika Inquisition palikuwa na Kisima cha Majonzi, hekaluni kwa Mythal, mmoja wa miungu ya Waelfi, na ilibidi mmoja anywe maji yake: wewe au Morrigan. Anayekunywa anapata maarifa ya Waelfi wa kale na anafungwa kwenye utashi wa Mythal. Sasa The Veilguard, gemu nzima, inahusu miungu ya Waelfi. Mythal ndiye ufunguo wa moyo wa Solas. Morrigan mwenyewe anatokea, anazungumza na Rook, shujaa wa gemu hii, na amebeba kumbukumbu za Mythal ndani yake. Nani alikunywa? Gemu haijui. Kieran yuko wapi? Hatajwi. Kati ya maamuzi yote yaliyostahili kuvuka, huu ulikuwa umesimama mlangoni, na wakaupita.

Angalia upande wa pili uone tofauti ilivyo. Waliochezea Inquisitor mwanamke wa Kielfi aliyempenda Solas waliulizwa, na gemu ikawajibu. Mwishoni mwanamke huyo anaweza kufika, akasema naye, na wakaondoka pamoja. Nimezungumza na wachezaji wa kundi hilo, na wengi hawana kinyongo. Gemu ni ileile, mapigano yaleyale, na waandishi walewale. Tofauti ni kwamba wao walikumbukwa.

Halafu zikaja barua. Kadiri hadithi inavyosonga, Inquisitor anamwandikia Rook kumweleza hali ya kusini, na kila barua ni mbaya kuliko iliyotangulia. Balaa la Blight linameza miji. Mahali palepale tulipotumia magemu matatu kupaokoa panaangamia mbali na macho yetu, kwa aya chache. Mimi barua hizo nilizisoma mara mbili. Sisemi kwamba dunia ya kubuni haina ruhusa ya kuharibiwa. Hadithi nzuri huharibu. Lakini aliyeijenga pamoja nawe angependa awepo siku ya msiba.

Mbona ikawa hivi? Hapa ndipo watu hukimbilia kusema waandishi hawakujali, na mimi nakataa. Tazama historia. Baada ya Trespasser, timu ndogo ilianza kazi ya toleo la nne kwa jina la ndani Joplin, hadithi ya majasusi huko Tevinter, iliyokusudiwa kuwa ndogo zaidi kwa eneo lakini nzito kwa matokeo ya maamuzi. Oktoba 2017 kazi hiyo ilifutwa, kama alivyoripoti mwandishi wa habari Jason Schreier mwaka 2019, na watu wengi wakahamishiwa Anthem, gemu nyingine ya BioWare. Iliyofuata, kwa jina Morrison, ilipangwa iwe gemu ya kuchezwa mtandaoni na wengi, inayoendelea kuuza vitu mwaka hadi mwaka, kama wamiliki wao EA walivyotaka.

Simama hapo, maana hili ndilo fundo. Dunia inayochezwa na watu wengi kwa pamoja haiwezi kuwa na historia tofauti kwa kila mmoja. Mimi nikiingia na Ferelden ya malkia Anora, wewe ukaingia na Ferelden ya mfalme Alistair, tukikutana barabarani tunasimama kwenye nchi ya nani? Lazima dunia iwe moja, isiyomuuliza mtu alikotoka. Ukianza kujenga kwa mpango huo, unajenga mahali pasipo na kumbukumbu, na unafanya hivyo kwa makusudi. Anthem ikatoka Februari 2019 ikaanguka. Mwaka 2021 ikaripotiwa kwamba EA wamekubali Dragon Age irudi kuwa gemu ya mchezaji mmoja. Kuta zikabadilishwa, msingi ukabaki. Nimewahi kufanya kazi kwenye mradi mdogo mno kuliko huo ambao mpango uligeuzwa katikati, na nakuambia alama za 0 na 1 hazirudishwi kirahisi. Kila mazungumzo yaliyokwisha kuandikwa bila sharti ni lazima yafunguliwe tena, yarekodiwe tena, yajaribiwe tena.

Wakati huohuo studio yenyewe ilikuwa inapoteza watu waliokuwa kumbukumbu yake. David Gaider, aliyeiunda Thedas, aliondoka BioWare mwaka 2016. Agosti 2023, mwaka mmoja tu kabla ya gemu kutoka, wafanyakazi wapatao 50 waliachishwa kazi, akiwemo Mary Kirby, aliyemwandika Varric, mwenzetu wa safari tangu Dragon Age II, tangu mwanzo. Na katika The Veilguard Varric ndiye tunayekuja kugundua kwamba alikufa tangu sura ya kwanza, na Rook alikuwa akisema na kivuli. Ni mshtuko uliotengenezwa kwa ustadi mkubwa. Ningependa kuuona ukiwafikia watu wasiokuwa na mioyo iliyokwisha kuchoka.

Malalamiko mengine nayapita haraka. Wenzako wa safari ni wawili badala ya watatu, na huwezi kuwashika mwenyewe kama zamani. Mapigano yamekuwa ya kasi na yanapendeza, ila si mapigano ya kupanga. Mazungumzo mengi yanaeleza hisia waziwazi kama vile kila mtu amekwisha kusuluhishwa. Lipo moja lenye uzito zaidi. Antivan Crows, chama cha wauaji wa kukodiwa, tuliwafahamu kupitia Zevran, mtoto aliyenunuliwa akafundishwa kuua. Sasa ni familia yenye upendo inayoutetea mji wao wa Treviso. Tevinter ilitajwa kwa magemu matatu kuwa dola iliyosimama juu ya migongo ya watumwa, na tulipofika mji wake mkuu, Minrathous, hatimaye, utumwa wenyewe ulikuwa umesogezwa pembeni mwa macho. Hata huko naona ugonjwa uleule: dunia imesahau ilichotuambia.

Wala kuvunjika moyo si kugeni katika mfululizo huu. Dragon Age II ilipotoka Machi 2011, baada ya kutengenezwa kwa muda mfupi mno, tulilalamikia mapango yaleyale yaliyorudiwarudiwa, na mimi nilikuwa mstari wa mbele. Lakini II ilisoma faili yangu ya Origins. Ndani ya mapango yale mabovu bado niliulizwa mimi ni nani, na leo wengi wanaipenda kuliko walivyoipenda wakati huo.

Januari 2025 EA walitangaza kwamba The Veilguard ilifikia wachezaji wapatao milioni 1.5 katika robo ile ya mwaka, karibu nusu ya walichotarajia. Baada ya hapo BioWare ilipunguzwa hadi kubaki, kwa taarifa za Bloomberg, na watu wasiozidi 100. Kisha mkuu wa EA, Andrew Wilson, akawaambia wawekezaji kwamba wachezaji sasa wanatafuta dunia za kushirikiana na mambo ya kuwashika zaidi pamoja na hadithi nzuri. Nilisoma maneno hayo nikabaki nayatazama. Agosti 2023, Larian wa Ubelgiji walitoa Baldur's Gate 3, muendelezo wa mfululizo ambao BioWare wenyewe waliuanzisha mwaka 1998. Unaweza kuicheza na marafiki wachache ukitaka, haiuzi vitu vidogo vidogo, na inakumbuka ulichomwambia mtu saa 40 zilizopita. Watu waliikimbilia.

Waliobaki BioWare sasa wanatengeneza Mass Effect mpya. Huo nao ni mfululizo wa kumbukumbu: watu waliwabeba mashujaa wao, kila mmoja na Shepard wake, kutoka gemu ya kwanza hadi ya tatu, pamoja na wafu wao. Siku itakapotoka sitaanza kwa kuangalia picha wala mapigano. Nitaangalia kama kuna mahali, kabla sijaanza kutembea, ninapoulizwa nani alinusurika.