Chumba cha dharura Marekani: kutibiwa kwanza si kutibiwa bure

Wengi tumeshasikia kwa ndugu walioko Marekani: "Huna bima? Nenda emajensi, hawakufukuzi, ni bure." Nusu ya maneno hayo ni kweli. Sheria ya mwaka 1986 inazitaka karibu hospitali zote zenye kitengo cha dharura zimpime kila anayefika na kuituliza hali yake, bila kujali uwezo wa kulipa. Haifuti deni. Bili hufuata kwa posta, na mara nyingi huwa zaidi ya moja: ya hospitali, kisha ya daktari peke yake. Inaniuma sana mtu anapoificha bahasha hiyo kwenye droo kwa woga.

Asiifiche. Aombe bili yenye mchanganuo, aipitie mstari kwa mstari: pengine kuna dawa ambayo hakupewa, au kipimo kilichoandikwa mara mbili. Aulizie pia msaada wa malipo. Hospitali zisizo za faida zinatakiwa kisheria kuwa na utaratibu huo kwa maandishi, tena kwenye tovuti zao, na mgonjwa ana siku 240 tangu bili ya kwanza kutuma maombi. Kiingereza kikimsumbua, aombe mkalimani. Huyo kweli halipiwi.