Ulipuaji "usio wa umeme" maana yake nini

Tangu machimbo ya mawe ya chokaa yaongezeke upande wa Mtwara, na habari za madini ya kinywe (grafiti) zipambe moto Ruangwa na Nachingwea, kuna maneno yanayorudiwa kila mahali: kwamba siku hizi miamba inalipuliwa kwa mfumo usiotumia umeme, kwa hiyo hakuna hatari. Nimeyasikia kwenye mkutano wa kijiji yakisemwa na mtu aliyetumwa kuwatoa wananchi hofu. Nimeyasikia kwenye daladala. Nimeyasikia hata kwa vijana wanaobeba mizigo machimboni, ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kujua. Nusu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli. Nusu ya pili inaweza kumkata mtoto vidole.

Kinachozungumzwa ni mrija wa ishara. Ni mrija wa plastiki wenye unene wa kama milimita 3 kwa nje na tundu jembamba katikati. Ndani, ukuta wake umepakwa vumbi la kilipuzi lenye unga wa aluminiamu, kidogo sana kiasi kwamba gramu moja inaenea makumi ya mita. Mrija ukishtuliwa upande mmoja, wimbi la mshtuko linapita ndani yake kwa mwendo wa takriban mita 2,000 kwa sekunde hadi kwenye detoneta, kile kikopo cha chuma kilichofungwa mwisho wake. Detoneta ndiyo inayolipua baruti iliyojazwa kwenye shimo lililochorongwa mwambani. Mrija wenyewe haupasuki. Ni kama mtu aliyetumwa kupiga hodi: anabisha tu, kuvunja mlango si kazi yake. Mfumo huu ulibuniwa Sweden mwishoni mwa miaka ya 1960 na Per-Anders Persson wa kampuni ya Nitro Nobel, ukaitwa Nonel. Jina hilo la biashara limeenea mpaka wachimbaji wengi huita mrija wowote wa aina hiyo noneli, hata ukitoka kiwanda kingine.

Maana ndiyo hiyo. Tatizo ni picha ambayo watu wanayo vichwani.

Pwani hii tumeishi na uvuvi haramu wa baruti kwa miaka mingi. Mtu wa Msimbati au wa Kilwa ukimtajia baruti, anachokiona ni chupa, utambi unaowaka, na samaki wanaoelea matumbo juu. Kwa hiyo akiambiwa machimboni hawatumii umeme, anadhani wamerudi kwenye utambi, tofauti ni kwamba huu ni wa plastiki yenye rangi. Hapo ndipo mambo yanapochanganyika, kwa sababu utambi na mrija havifanani hata kidogo katika jambo linalohusu uhai wa mtu, nalo ni muda.

Utambi wa usalama ulitengenezwa na Mwingereza William Bickford, akaupatia hataza mwaka 1831, baada ya kuona wachimbaji wa Cornwall wakifa kwa sababu walitumia mabua na manyoya ya ndege yaliyojazwa baruti, ambayo hakuna aliyejua yangewaka kwa kasi gani. Alichofanya ni kusokota nyuzi za juti kuzunguka kiini cha baruti nyeusi ili moto utembee polepole na kwa mwendo unaotabirika. Mita moja ya utambi wa kawaida inachukua zaidi ya dakika moja na nusu kuungua. Muda wa mtu kuondoka uko ndani ya utambi wenyewe: ukiwa mrefu una nafasi, ukiwa mfupi huna. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaelewa hesabu hiyo bila kufundishwa darasani.

Mrija hauna hesabu hiyo. Kwa mwendo wa mita 2,000 kwa sekunde, mrija wa mita 100 unamalizika kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Jicho halijafumba. Mtu anayedhani mrija mrefu unampa nafasi ya kukimbia amekosea vibaya mno. Urefu unampa umbali tu: mlipuaji anakaa mbali, nyuma ya kinga, kabla ya kitu chochote kuanzishwa. Hakuna kuwasha na kukimbia. Ukimwona mtu anakimbia baada ya kuanzisha mrija, huyo hakufundishwa kazi.

Muda katika mfumo huu umehamishiwa kwingine kabisa, kwenye detoneta. Ndani ya kile kikopo kuna kipande kidogo cha mchanganyiko unaoungua kwa muda uliopimwa kiwandani, kwa milisekunde, yaani elfu za sekunde. Shimo la kwanza linalipuka, baada ya milisekunde 25 linafuata la pili, halafu la tatu, hadi mstari uishe. Sikio la mtu aliye kijijini linasikia mngurumo mmoja na kusema "wamelipua bomu kubwa". Kumbe ni milipuko mingi midogo iliyopangwa foleni, ili mwamba wa mbele usogee na kumpisha wa nyuma. Na mpango huo unamhusu sana mwenye nyumba ya tope au ya tofali za kuchoma karibu na machimbo, kwa sababu mtikisiko wa ardhi unategemea sana kiasi cha baruti kinacholipuka kwa wakati mmoja. Kanuni ya zamani ya walipuaji ni kwamba mashimo yaliyoachana kwa angalau milisekunde 8 huhesabiwa kama milipuko tofauti. Kwa hiyo mwananchi anayelalamikia nyufa asiishie kuuliza kama wanatumia umeme au hawatumii. Aulize ni kilo ngapi za baruti zinalipuka kwa pamoja, na nyumba yake iko umbali gani. Jibu la nyufa liko kwenye swali hilo.

Kuna kamba nyingine inayochanganywa na mrija, na hii inanisumbua zaidi kwa sababu watu waliosoma nao wanaichanganya. Ni kamba ya mlipuko. Kwa mbali inafanana na mrija: ni ndefu, ina rangi, inakuja kwenye gurudumu. Lakini imejaa kilipuzi halisi kutoka mwanzo hadi mwisho, na inalipuka kwa mwendo wa karibu mita 7,000 kwa sekunde. Ikilipuka hakuna kinachobaki, na chochote inachokigusa kinaumia. Mrija unapeleka taarifa, ilhali kamba hiyo ni silaha urefu wake wote. Mwandishi wa habari anayeandika "waya wa baruti" na kumaanisha vyote viwili kwa pamoja anamwacha msomaji bila kujua alichokiokota.

Sasa turudi kwenye umeme. Kwa nini watu walitaka kuuacha? Detoneta ya umeme inaanzishwa na mkondo mdogo unaopita kwenye uzi mwembamba. Mkondo huo unaweza kutoka mahali ambapo hakuna aliyekusudia: umeme unaovuja kutoka mashine ya kuchoronga, umeme tuli, redio ya mawasiliano yenye nguvu iliyo karibu, radi. Ndiyo maana kwenye machimbo yanayotumia detoneta za umeme kuna vibao vinavyokataza redio na simu. Mrija wa ishara haujali redio wala mkondo uliopotea, kwa kuwa ndani yake hamna chuma cha kupitisha umeme. Hiyo ni faida kubwa, na imeokoa watu wengi. Sitaki mtu adhani nauponda mfumo huu. Ni kati ya mambo mazuri yaliyowahi kutokea katika kazi ya kupasua mwamba.

Lakini faida hiyo inaishia hapo ilipoishia. Radi ikipiga moja kwa moja inaweza kulipua detoneta ya aina yoyote, iwe na waya au mrija. Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili, na mlipuaji makini huku kusini akisikia ngurumo mbali kule Newala anawaondoa watu wote eneo ambalo mashimo yamekwisha jazwa baruti, bila kujiuliza wanatumia mfumo gani. Detoneta ikigongwa na nyundo, ikikanyagwa na gari au ikitupwa motoni inalipuka vilevile. Haiulizi kama kulikuwa na umeme.

Na kuna jambo ambalo umeme uliliweza na mrija hauliwezi. Waya unaweza kupimwa. Kabla ya kulipua, fundi anapima sakiti kwa kifaa maalumu na kujua kama kuna mahali pamekatika. Mrija haupimiki. Unakaguliwa kwa macho, kiungo kwa kiungo, na mtu anayetembea juu ya mashimo akitazama kila muungano. Jiwe likiukata au maji yakiingia, ishara inaishia hapo, na shimo moja linabaki na baruti yake na detoneta yake katikati ya kifusi. Kwa nje hakuna dalili. Ndiyo maana baada ya mlipuko king'ora cha pili, kile cha kusema hatari imepita, hakilii mara moja: mlipuaji anaingia kwanza, anasubiri vumbi na moshi viondoke, anakagua. Wananchi wanaolalamika kwamba barabara imefungwa muda mrefu mno wanalalamikia sehemu ya kazi inayowalinda wao.

Hapo ndipo ninapofika kwenye mrija wenyewe, kipande kwa kipande. Baada ya mlipuko mmoja, machimboni panabaki mirija mingi iliyotumika, ya njano, ya rangi ya chungwa, ya waridi. Ni imara, haiozi, inavutia. Nimeiona ikifunga mbuzi. Nimeiona imefunga mdomo wa gunia la korosho ghalani, fundo zuri kabisa. Mtoto mmoja alikuwa ameizungusha kiunoni kama mkanda wa kaptula, na mwisho wa ule mkanda ulikuwa umekatwa wima, laini, bila chuma chochote. Bahati yake. Mrija unaotoka kwenye shimo lililogoma kulipuka unafanana na huo huo, ila mwisho wake una kikopo kinachong'aa, urefu wa kidole hivi, kinachoonekana kama kitu cha kufaa kuchezea au kuuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kikopo hicho hakijafanya kazi yake bado.

Usijaribu kutambua kwa macho kama mrija umetumika au haujatumika. Usiukate, usiuvute, usiuchome pamoja na takataka za shamba, usiupeleke nyumbani. Acha pale pale, zuia watoto, mwarifu mtendaji wa kijiji au polisi, nao wawaite walipuaji wenye cheti. Kumiliki vitu hivi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, lakini mtu anayetoa taarifa ya alichokikuta asiogope.

Kwa hiyo, mwenyekiti wangu, na wewe kijana wa daladala: mkiulizwa tena, mnaweza kusema kwamba machimboni ishara ya kulipua haipiti kwa umeme, na mtakuwa mmesema kweli. Kisha mwongeze kwamba kilicho mwisho wa ule mrija ni detoneta ileile ya siku zote.