Kuhamisha task ya kusinki si kuhamisha mafaili

Hapa Lamu nalisikia sana lalamiko hili, hasa kwa vijana wanaopiga picha za harusi na za Maulidi. Mtu alikuwa na FreeFileSync ya kawaida, ile programu ya kusinki, yaani kulinganisha folda mbili na kuzifanya zifanane, akahamia lile toleo la kubebeka kwenye flashi, halafu analalamika "nimehamisha task zangu zote mbona picha sizioni". Picha hazikuwamo humo ndugu yangu, wala hazijawahi kuwamo.

Task ni maelekezo tu: chukua folda hii, linganisha na ile, mafaili yaende upande gani, yapi yarukwe. Ukiihifadhi unapata faili dogo linaloishia na .ffs_gui, au .ffs_batch kama unataka ijiendeshe yenyewe, na ndani ni maandishi ya XML ambayo hata Notepad inayafungua. Ni kama karatasi ya mzigo ya boti la Mokowe, ukimpa nahodha mwingine ile karatasi mzigo bado uko pale pale gatini. Kuhamisha task basi ni kulikopi hilo faili na kulifungua kwenye toleo la pili, kwisha.

Sasa shida inaanzia hapa, manake maelekezo yanataja mahali. Task imeandikwa D:\Harusi, unachomeka hadidiski yako kwenye kompyuta nyingine Windows inaipa herufi E, na task itaendelea kuitafuta D vile vile kwa sababu ndivyo ilivyoambiwa. Dawa yake ipo, ipe diski jina, tuseme PICHA, kisha kwenye task uandike [PICHA]\Harusi badala ya herufi, hapo itaifuata diski popote itakapokaa. Na uwe macho sana kama task yako ni ya Mirror: hiyo inaufanya upande wa kulia ufanane na wa kushoto, kwa hivyo kushoto kukiwa na folda tupu uliyoifungua jana ukidhani picha zitakuja zenyewe, za kulia ndizo zitakazofutwa.

Halafu kuna kitu cha tatu ambacho watu wanakichanganya na task, nacho ni kumbukumbu. Task ya Two way, yaani inayopeleka mabadiliko pande zote mbili, lazima ijue mara ya mwisho hali ilikuwaje, la sivyo ikikuta faili liko upande mmoja tu haiwezi kujua kama ni jipya huku au limefutwa kule. Hiyo kumbukumbu haikai kwenye task, inakaa kwenye faili lililofichwa, sync.ffs_db, ndani ya folda zenyewe pande zote mbili. Ukibadilisha toleo folda zikabaki zile zile, kumbukumbu ipo salama. Lakini ukiwa umekopi picha kwa mkono ukaliacha hilo faili, basi zile picha mbovu ulizozifuta upande mmoja zitarudi zote, na si kosa la programu, imeona faili liko huku kule haliko ikalikopi.

Kwa hivyo mtu akikwambia task zimehamia ila picha hazionekani, mwambie kwa upole kwamba task zimefika vizuri, sasa alete na diski, aangalie njia za folda zilizoandikwa, abonyeze Compare (ya kulinganisha) kwanza asome orodha yote ya yatakayofanyika mpaka chini, na Synchronize aiache mpaka aridhike.