Glanza V inayokunywa petroli: anza na mipira, springi baadaye

Toyota Starlet Glanza V (EP91) ilitengenezwa kati ya 1996 na 1999. Injini yake, 4E-FTE, ni ya sisi 1,331 tu, ila turbo ya CT9 inaifikisha farasi 135 kwenye gari la kilo 900 na ushee. Leo hata ya mwisho kutoka kiwandani imevuka miaka 25, na katika umri huo mpira huchoka kabla ya chuma. Wengi hununua nozeli na springi za kushusha gari wakati ugonjwa uko kwenye mpira wa bei ya soda.

Tuanze na moshi mweusi. Ukikanyaga mafuta hadi chini na turbo ikajaa, moshi kidogo ni kawaida: kontrol boksi (kompyuta ya injini) huongeza petroli makusudi ili kupoza chumba cha mwako. Tatizo ni pale plagi zinapotoka nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, gari linatetemeka kwenye sailensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta), na stiki ya oili inanuka petroli. Hiyo ya mwisho usiipuuze. Petroli ikishaingia kwenye oili, beringi za turbo ndizo zinazolia kwanza.

Injini hii haina sensa ya kupima hewa inayopita. Inapima presha ndani ya manifoldi kupitia mpira mwembamba unaokwenda kwenye sensa ya MAP. Mpira ukipasuka au kulegea, sensa inaona presha kubwa kuliko iliyopo, boksi linadhani gari limebeba mzigo, petroli inamwagwa. Uchomoe, ukunje karibu na ncha zote mbili. Nyufa hujificha hapo. Kata ncha au weka mpya. (Na ile valvu ya turbo inayopiga “pshii” nje haina kosa hapa. Inaharibu mchanganyiko kwenye magari yenye sensa ya hewa, si hili.)

Kisha soma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye boksi. Fungua kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti, unganisha pini za TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Mbili, pumziko, mbili: 22, sensa ya joto la maji. 31 ni MAP, 21 ni sensa ya oksijeni. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kodi.

Hapo ndipo mafundi wengi hudanganyika. Kodi 22 hutokea waya ukikatika au ukigusana. Sensa inayosema uongo wa katikati haiwashi chochote. Pima kwa mita: maji yakiwa nyuzi 20 unatakiwa kupata kilo-omu 2 hadi 3, na yakiwa nyuzi 80 omu 200 hadi 400. Sensa iliyoganda kwenye kilo-omu 2 inaliambia boksi kwamba ni alfajiri siku nzima. Pima ile ya waya mbili. Ya waya mmoja ni ya geji ya dashibodi. Thamostati iliyokwama wazi nayo huleta matokeo yale yale, maana injini haipati moto.

Baada ya hapo chomoa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta ya petroli. Ukikuta umelowa petroli, kiwambo cha ndani kimechanika, badilisha regyuleta. Mwisho ni sensa ya oksijeni: injini ya moto, mizunguko 2,500 kwa dakika, voliti zicheze kati ya 0.1 na 0.9, mara nane au zaidi ndani ya sekunde 10. Zikiganda chini huku moshi ni mweusi, tafuta ufa wa ekzosi kabla ya sensa. Hewa ya nje inaingia hapo, na boksi linazidi kuongeza petroli.

Sasa miguu, yaani sehemu zinazolibeba gari. Bushi (mipira ya maungio) za wishbone, mkono wa chini unaoshika gurudumu, kwanza, pamoja na boljointi, linki za stabilaiza na mipira ya juu ya shokapu. Shokapu mpya juu ya bushi zilizokufa ni hela iliyotupwa. Usifungue nati ya juu ya shokapu kabla ya kubana springi kwa kibanio chake. Springi ikifyatuka inavunja taya.

Kosa ninalolikuta kila mara ni kukaza boliti za bushi gari likiwa juu ya jeki. Mpira unashikwa ukiwa mguu umening’inia, gari likishuka unajipinda, na baada ya muda mfupi umechanika. Kaza nusu, shusha gari, lisukume mbele na nyuma, ndipo umalizie. Nati za ringi kaza kwa torki ya kgf·m 10.5.

Kushusha? Milimita 25, basi. Zaidi ya hapo wishbone inaanza kuelekea juu, gari linaweza kulala zaidi kwenye kona, na tuta la kwanza mtaani linagonga kizuizi cha mpira ndani ya shokapu. Shokapu za kawaida zikiwekewa springi fupi na ngumu zinakufa mapema, kwa hiyo nunua seti iliyopangwa pamoja. Siku hiyo hiyo peleka alaimenti: urefu ukibadilika, tairi za mbele zinabadili mwelekeo, na ukichelewa zitalika upande mmoja.