Uhamisho wa barua pepe kwenda kwenye wingu unapogoma kuunganika

Kuhamisha visanduku vya barua pepe kutoka seva ya ofisi kwenda kwenye huduma ya wingu mara nyingi hukwama kabla hata ya barua moja kuvuka. Skrini inasema muunganisho umeshindikana, na wengi hukimbilia nenosiri: linabadilishwa, linabadilishwa tena, akaunti inafungwa kwa majaribio mengi, na hitilafu iko palepale. Nenosiri ni hatua ya nne. Kabla yake jina la seva lazima lipate anwani sahihi ya IP, njia ya kufika kwenye poti (mlango wenye namba ambao huduma husikiliza) iwe wazi, na pande mbili zikubaliane kuhusu usimbaji fiche na cheti (hati ya kidijitali inayothibitisha utambulisho wa seva). Baada yake kuna mipaka ya matumizi ambayo seva hujiwekea. Kila hatua ina namna yake ya kulalamika, na malalamiko hayo yakisomwa vizuri yanaonyesha pa kushika.

Anayebisha hodi ni nani?

Swali la kwanza ni muunganisho unaanzia wapi. Katika uhamisho wa IMAP (itifaki ya kusoma barua zilizo kwenye seva) wa Exchange Online, huduma ya barua ya wingu ya Microsoft, seva za Microsoft ndizo zinazokuja kugonga kwenye seva yako kutoka nje. Ukitumia programu kama imapsync, anayegonga ni kompyuta ambayo programu hiyo imewekwa, nayo hugonga pande zote mbili: seva ya zamani na ile ya wingu. Tofauti hii huamua wapi ufanyie majaribio. Kufungua barua ukiwa ofisini hakuthibitishi chochote kuhusu njia ya kutoka nje, kwa sababu ndani ya ofisi jina la seva huenda linaelekea kwenye anwani ya ndani kama 10.0.0.5 na trafiki yako haipiti kabisa kwenye fayawoli (kizuizi kinachochuja trafiki kati ya ofisi na intaneti).

Kwa hiyo chukua kompyuta mpakato, itoe kwenye mtandao wa ofisi, iunganishe kwa intaneti ya simu, kisha jaribu. Kwa Exchange Online kuna jaribio bora zaidi, kwa kuwa linatokea kwenye wingu lenyewe. Ingia kwenye PowerShell ya Exchange Online uandike:

`Test-MigrationServerAvailability -IMAP -RemoteServer mail.example.com -Port 993 -Security Ssl`

Likifaulu kwenye simu lakini likagoma hapa, shuku fayawoli inayochagua anwani za kuruhusu. Watoa huduma wakubwa huchapisha orodha za anwani zao za IP na huzibadilisha mara kwa mara. Orodha iliyonakiliwa mwaka jana ni chanzo kizuri cha hitilafu inayotokea leo na kupotea kesho, kwa sababu baadhi ya seva za wingu zinaruhusiwa na nyingine hazimo.

Jina linaelekea wapi

Uliza DNS (mfumo unaogeuza majina kuwa anwani za IP) ya nje, si ya ofisi: `nslookup mail.example.com 8.8.8.8`. Angalia mambo matatu.

La kwanza, usidhani rekodi ya MX ndiyo seva ya IMAP. MX huonyesha mahali barua zinazoingia zinapopokelewa, na mara nyingi hapo kuna kichujio cha barua taka ambacho hakijui lolote kuhusu visanduku vya watumiaji. La pili, ikiwa kikoa kinapitia Cloudflare na rekodi ya seva ya barua imewekwa kupita kwenye proksi yao (seva ya kati inayopokea trafiki kwa niaba yako), trafiki ya IMAP haitafika, maana proksi hiyo ya kawaida hupitisha trafiki ya tovuti tu. Rekodi hiyo iachwe kwa DNS peke yake. La tatu, tazama kama kuna rekodi ya AAAA, inayobeba anwani ya IPv6. Baadhi ya seva huwa na anwani ya IPv6 iliyosajiliwa zamani ambayo huduma ya IMAP haiisikilizi. Anayegonga huijaribu kwanza, husubiri, kisha hukata tamaa.

Ni busara pia kuipa seva ya zamani jina lake la kudumu, tofauti na lile ambalo watumiaji wamelizoea, na jina hilo liwe ndani ya cheti. Vinginevyo siku utakapoelekeza mail.example.com kwenye wingu, kazi ya uhamisho itaanza kulitafuta wingu likiwa ndilo chanzo.

Kukataliwa si sawa na kunyamaziwa

Kwenye Windows andika `Test-NetConnection mail.example.com -Port 993`, na kwenye Linux `nc -vz mail.example.com 993`. Jibu la "Connection refused" maana yake umefika kwenye mashine lakini hakuna huduma inayosikiliza poti hiyo, au fayawoli imekataa waziwazi. "Timed out" maana yake pakiti zako zimetupwa kimyakimya njiani: fayawoli ya ofisi, ile ya mtoa intaneti, au kanuni ya kupeleka poti kwenye ruta iliyosahauliwa. Ukikataliwa anza na seva yenyewe; ukinyamaziwa anza na njia.

Kwenye seva ya Linux, `ss -ltn` huonyesha poti zinazosikilizwa. Ukiona 127.0.0.1:993 badala ya 0.0.0.0:993, huduma inajisikiliza yenyewe tu na hakuna mtu wa nje atakayeifikia hata fayawoli ikizimwa. Kuna pia hali inayowachanganya wengi: muunganisho ulikuwa unafanya kazi, ukashindwa kuingia mara kadhaa, sasa poti yenyewe inakataa. Hapo tazama fail2ban, programu inayofungia anwani zinazokosea kuingia mara nyingi. Kwa mipangilio yake ya awali, makosa 5 ndani ya dakika 10 humfungia mgeni kwa dakika 10. Weka anwani za mhamishaji kwenye orodha isiyofungiwa kabla ya kuanza.

Usimbaji fiche na cheti

Hapa ndipo hitilafu nyingi hujificha, na hapa ndipo ujumbe wa skrini huwa wa jumla mno.

Anza na poti. Poti 993 huanza na usimbaji fiche tangu sekunde ya kwanza. Poti 143 huanza wazi, kisha hupandishwa kwa amri ya STARTTLS. Ukichagua SSL (jina la zamani la TLS, itifaki ya usimbaji fiche) kwenye poti 143, programu ya OpenSSL italalamika "wrong version number", ingawa toleo halina kosa lolote: seva imetuma salamu ya maandishi mahali ambapo TLS ilitarajiwa. Ukifanya kinyume, yaani kufungua 993 bila usimbaji, pande zote mbili zitakaa zikisubiriana hadi muda uishe, na utadhani ni fayawoli. Mwongozo wa RFC 8314 wa mwaka 2018 unapendekeza 993, nasi tunashauri vivyo hivyo.

Kisha chunguza cheti:

`openssl s_client -connect mail.example.com:993 -servername mail.example.com -showcerts`

Tafuta mstari wa "Verify return code". Sifuri ni salama. 10 ni cheti kilichokwisha muda. 18 ni cheti ambacho seva imejitengenezea yenyewe. 20 na 21 kwa kawaida huonyesha mnyororo wa vyeti usiokamilika. Jina halikaguliwi na amri hii bila kuambiwa, kwa hiyo ongeza `-verify_hostname mail.example.com`, kosa la 62 likitokea, jina uliloandika kwenye mipangilio ya uhamisho halimo ndani ya cheti.

Mnyororo usiokamilika unastahili maelezo zaidi, kwa sababu hudanganya. Seva inapaswa kutuma cheti chake pamoja na cheti cha kati kinachokiunganisha na mamlaka inayoaminika. Kikikosekana cha kati, kivinjari huweza kukipata kwenye hifadhi yake au kukitafuta chenyewe mtandaoni, hivyo ukifungua ukurasa wa barua kila kitu ni kijani. Programu ya uhamisho haina uungwana huo, hukataa. Kwa vyeti vya Let's Encrypt, tumia faili la fullchain.pem, siyo cert.pem. Na kwa kuwa vyeti hivyo vimezoeleka kudumu siku 90, hakikisha huduma ya barua inasomeshwa cheti kipya kila kinapofanywa upya. Cheti kipya kinaweza kuwepo kwenye diski huku Dovecot, programu ya seva ya IMAP, ikiendelea kutoa kile cha zamani kilichomo kwenye kumbukumbu yake. Amri ya `doveadm reload` hulimaliza hilo.

Seva za zamani zina tatizo jingine: zinajua TLS 1.0 na 1.1 tu. Matoleo hayo mawili yalistaafishwa rasmi na RFC 8996 mwezi Machi 2021, na huduma kubwa za wingu hudai angalau 1.2. Ongeza `-tls1_2` kwenye amri ya hapo juu. Isipofaulu, seva ihuishwe, au tumia kompyuta ya kati ndani ya ofisi itakayoongea na seva ya zamani upande mmoja na wingu upande wa pili.

Kuna kishawishi cha kuteua chaguo la kuamini cheti chochote ili kazi iende. Usifanye hivyo kwenye intaneti ya nje. Muunganisho huo unabeba manenosiri ya watumishi wote.

Sasa nenosiri

Ukiendesha tena `openssl s_client` ukiongeza `-crlf -quiet`, unaweza kuongea na IMAP moja kwa moja. Andika `a1 LOGIN "jina" "nenosiri"`, kisha `a2 LIST "" "*"`, kisha `a3 LOGOUT`. Ukijibiwa `a1 OK`, akaunti ni nzima na tatizo liko kwenye mipangilio ya kazi ya uhamisho. `NO [AUTHENTICATIONFAILED]` ni jina au nenosiri. `NO [UNAVAILABLE]` maana yake seva imeshindwa kufikia mfumo wake wa ndani, kama LDAP (orodha kuu ya watumiaji) au hifadhidata, na kubadilisha nenosiri hakutasaidia. Orodha ya folda nayo itazame: zikianza na "INBOX." basi huenda ukahitaji kutaja kiambishi hicho kwenye mipangilio.

Chanzo kikiwa Gmail, nenosiri la kawaida la akaunti halikubaliki tena kwa IMAP. Washa uthibitishaji wa hatua mbili na utengeneze nenosiri la programu lenye herufi 16, au tumia tokeni za OAuth (vibali vya kuingia bila kutoa nenosiri). Exchange Online nayo ilianza kuzima uthibitishaji wa jina na nenosiri kwa IMAP tarehe 1 Oktoba 2022, jambo linalogusa anayehama kutoka akaunti moja ya Microsoft 365 kwenda nyingine.

Faili la CSV la orodha ya watumiaji unalopakia kwenye kazi ya uhamisho, lenye EmailAddress, UserName na Password lichunguzwe kwa kihariri cha maandishi tupu. Excel ya baadhi ya lugha hutenganisha kwa nuktamkato badala ya mkato, na hufuta sifuri zilizotangulia kwenye nenosiri. Nenosiri lenye mkato ndani yake lizungushiwe alama za nukuu.

Anayehamisha visanduku vya Exchange ya ofisini kwa njia ya mseto (ofisi na wingu zikiwa zimeunganishwa) hatumii IMAP, bali anwani ya /EWS/mrsproxy.svc kwenye poti 443. Kama huduma hiyo haijawashwa, iwashe kwa `Set-WebServicesVirtualDirectory -Identity "SEVA\EWS (Default Web Site)" -MRSProxyEnabled $true`. Hitilafu ya 401 ikiendelea hali nenosiri ni sahihi, andika jina kwa mtindo wa KIKOA\mtumiaji, kisha angalia kama kuna proksi mbele ya seva inayodai uthibitishaji wake kwanza. Njia ya EWS ipite bila kuzuiwa hapo. Hitilafu ya 503 hutazamwa kwenye IIS, seva ya wavuti ya Windows, kwa kuwa mara nyingi kundi la programu husika limesimama.

Inaanza vizuri kisha inakatika

Muunganisho unaofaulu kwa barua kadhaa na kukatika kwa kawaida umegonga mpaka. Dovecot huruhusu miunganisho 10 kwa mtumiaji mmoja kutoka anwani moja; hesabu ndani yake simu na kompyuta za mtumiaji zilizo nyuma ya anwani hiyohiyo. Gmail huruhusu 15 kwa akaunti, na kwa IMAP hutoa MB 2,500 za kupakua kwa siku. Kisanduku cha GB 20 basi kitachukua siku 8 hata intaneti ikiwa ya kasi kiasi gani, na kuongeza kazi sambamba kutaharakisha tu kufungiwa. Punguza idadi ya visanduku vinavyokwenda kwa pamoja, anza na viwili au vitatu, ongeza taratibu huku ukisoma logi ya seva ya chanzo.

Piga pia hesabu ya intaneti ya ofisi. Visanduku 50 vya GB 4 ni GB 200. Kwa kasi ya kupakia ya Mbps 20, yaani MB 2.5 kwa sekunde, ni saa 22 na ushei bila mtu mwingine kutumia laini. Laini ikijaa, majibu huchelewa na hitilafu za muda kuisha huanza kuonekana kwenye seva isiyo na kosa. Fanya kazi usiku.

Ikiwa barua ndogo hupita na zenye viambatisho hukwama, shuku MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Laini za PPPoE (aina ya muunganisho wa intaneti wa kupiga jina na nenosiri) hubeba baiti 1,492 badala ya 1,500, na fayawoli inayozuia ICMP (ujumbe wa taarifa za mtandao) yote huwanyima watumaji taarifa ya kupunguza pakiti. Ruhusu ujumbe wa ICMP wa "fragmentation needed", au punguza MSS (kiasi cha data katika kila pakiti) kwenye ruta. Ukubwa wa barua nao una kikomo: uhamisho wa IMAP wa Exchange Online huruka barua inayozidi MB 35, na hauhamishi kalenda wala anwani za mawasiliano kabisa.

Ukishabadili MX, acha seva ya zamani iendelee kuwaka hadi TTL (muda ambao seva nyingine za DNS huhifadhi rekodi) ya rekodi ya zamani iishe, endesha usawazishaji wa mwisho, kisha funga poti zilizofunguliwa kwa ajili ya kazi hii, futa faili la CSV na ubadilishe kila nenosiri lililokuwamo.