Barafu iliyombeba mtu haijawa barafu ya kubeba gari

Wengi huamini kwamba ziwa likishaganda hata watu wakalivuka kwa miguu, gari nalo litapita. Sivyo. Barafu mpya, ngumu na angavu, ya sentimita 10 humtosha mtu. Gari dogo huhitaji kama sentimita 25 hadi 30, na pikapu zaidi ya hapo. Ile nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa, ina takriban nusu tu ya nguvu hiyo, hivyo zidisha unene mara mbili.

Kosa baya zaidi ni kupima mahali pamoja. Mwanzoni mwa majira ya baridi ziwa haligandi sawasawa: penye chemchemi, mdomo wa mto au mkondo mwembamba, maji yanayotembea huila barafu kwa chini. Theluji nayo, ajabu, ni blanketi. Huzuia baridi isishuke. Toboa kwa keekee kila baada ya mita 45 hivi.

Kukimbiza gari hakusaidii. Uzito wake husukuma wimbi chini ya barafu, na karibu na ufuko wimbi hilo hurudi na kuipasua. Nenda polepole, mkanda umefunguliwa, vioo vimeshushwa kabisa, kwani vile vya umeme huweza kugoma majini.